Miaka Thelathini na Minane na Baghala: Mzee Verlin Haugstad Anashuka Mlimani

Hakuna mtu katika jimbo zima la Montana anayefunga fundo kama mimi, Dell Pruitt. Dubu aliwahi kunikazia macho pale Kijito cha Birika, nami nikamkazia yangu, mwisho wake akatazama chini kama mkwe, akapita pembeni. Shule niliiacha darasa la kumi, na mpaka leo haijapona. Nayasema haya mapema ili kila mtu ajue kalamu hii imeshikwa na mkono gani, kwa sababu kuanzia mstari unaofuata nimeagizwa nimsifu mtu mwingine.

Mtu mwenyewe ni Mzee Verlin Haugstad, mpakizi mkuu wa baghala wa Kituo cha Tamarack. Amefanya kazi hapa miaka thelathini na minane, na anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe kumi na nane Oktoba, saa nane mchana, uwanja wa nyuma ya zizi. Kutakuwa na nyama ya elki, yule kulungu mkubwa wa huku, maharage, na pai za matunda ya porini ya hakelberi alizooka mwenzetu Tilda Brekke. Pai za Tilda ni tamu. Nimeandika hivyo huku nimeuma meno.

Kwa wale wenzetu wa ofisini wanaomjua baghala kwenye kalenda tu: ni mtoto wa punda dume na farasi jike, ana masikio ya baba na miguu ya mama, na akili ameipata mahali pengine kabisa. Huko juu kwetu hakuna barabara, na sheria inakataza injini ya aina yoyote, hata msumeno wa injini. Kwa hiyo kila msumari, kila kikaango, kila gunia la unga linalofika kwa watengeneza njia, na kwa Bi. Winifred Oakes anayekaa kwenye mnara wa kuchungulia moto, limepanda mgongoni kwa baghala. Na kwa miaka thelathini na minane, aliyetangulia mbele ya baghala hao alikuwa Verlin.

Ijumaa Bosi wetu, Gwenda Stolp, atatangaza nani anaurithi msafara huo: mimi au Tilda. Sitajifanya sijali. Nautaka kama mtoto anavyotaka kifua cha mama yake. Lakini kuna jambo jingine ambalo limeshaamuliwa, na ndilo linalowafanya watu washushe sauti wakipita zizini. Juu ya mlango wa chumba cha matandiko vimepigiliwa viatu vitatu vya chuma vya baghala, kila kimoja na jina. Ni vya wapakizi watatu waliomaliza kazi yao bila kumpoteza mnyama hata mmoja kwa kosa la mkono wao. Watatu tu, tangu kituo kijengwe. Cha Verlin kingekuwa cha nne. Hakitapigiliwa. Septemba mwaka jana baghala wetu Askofu alikufa kwenye Kona ya Mjane, na ripoti, iliyoandikwa kwa mkono wa Verlin mwenyewe, inasema kosa lilikuwa la mpakizi mkuu.

Nitafika huko. Kwanza sifa, maana nimeagizwa sifa.

Verlin alizaliwa mashariki ya jimbo, kule tambarare, katika mji ambao kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa ghala la ngano. Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwa kazi ya kiangazi kimoja. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya baghala, mahali ambapo mtu yeyote mwenye mama aliyemfunza hasimami, akapigwa teke likamtoa zizini mpaka kwenye pipa la maji. Mpakizi wa wakati huo akamuuliza, "Umejifunza nini, kijana?" Verlin, bado yumo ndani ya pipa, akajibu, "Kwamba maji yenu ni baridi." Akaajiriwa papo hapo. Mimi siku yangu ya kwanza sikupigwa teke, kwa sababu mimi ni mwepesi, na hakuna aliyeisimulia siku hiyo hata mara moja. Ndivyo dunia ilivyo. Mwenye kuanguka vizuri anapendwa kuliko mwenye kusimama.

Amebeba daraja zima la Kijito cha Birika, ubao kwa ubao, safari ishirini na saba. Mwaka wa ule moto mkubwa aliwapelekea wazima moto chakula wiki sita mfululizo, moshi umefunika mpaka baghala wakawa wanafuata sauti ya kikohozi chake. Amewafundisha wapakizi kumi na wawili ukinihesabu mimi, na ni lazima unihesabu.

Sasa nitamke lililo wazi: nina wivu na mtu huyu. Si wivu wa kawaida wa kutamani kofia ya mwenzako. Nina wivu ambao ukiwekwa kwenye mizani unahitaji baghala wawili. Tuna ndege wa kijivu huku, mwizi mkubwa wa kambi, anayenyakua mkate mkononi. Kwa Verlin ndege huyo hutua ukingoni mwa kofia, akakaa, akatazama mandhari kama abiria. Kwangu alitua mara moja, akafanya haja, akaenda zake. Askofu, baghala mkubwa wa kahawia aliyemuuma kila mtu kituoni, Bosi Gwenda akiwemo, akimwona Verlin alikuwa akimlazia kichwa begani na kufumba macho. Mimi nilimletea Askofu tofaa kila asubuhi miaka mitatu. Alikula tofaa, kisha akatafuta kidole.

Na tazameni tarehe ya kustaafu. Ile misonobari yetu ya ajabu, inayogeuka rangi ya dhahabu na kupukutisha sindano zake zote kabla ya theluji, mwaka huu imechelewa wiki nzima. Imeiva wiki hii hii. Mlima mzima umevaa dhahabu kumuaga. Siku nitakayoondoka mimi nina hakika kutakuwa na matope.

Watu huuliza Verlin amejifunza nini porini miaka yote hiyo. Ukimuuliza mwenyewe atakutazama kama umemuuliza uzito wa ukungu. Hafundishi kwa mdomo. Hufundisha kwa kukuacha ukosee mahali ambapo hutakufa.

Mfano, habari ya jiwe. Mzigo wa baghala huwa na pande mbili, kushoto na kulia, na pande hizo lazima ziwe na uzito mmoja, la sivyo tandiko linapinda na kumchuna mnyama mgongo. Sisi wengine tuna mizani ya kuning'iniza. Verlin huinua furushi la huku, akainua la kule, akasema, "Hili limezidi soksi moja." Unafungua, unatoa soksi moja, unapima: sawasawa. Nilipima mara tisa nikitafuta kosa. Inaudhi.

Basi alikuja mkaguzi mmoja kutoka mjini na sanduku la vitabu, zito kama kaburi, na hakuwa na kitu kingine cha kuweka upande wa pili. Verlin akaenda mtoni, akachagua jiwe, akalifunga kwenye turubai safi kwa heshima zote, akalipakia. Maili ishirini na mbili kwenda. Kule mkaguzi akaona tunashusha jiwe.

"Bwana Haugstad, hilo ni jiwe?"

"Ndiyo."

"Tumelibeba jiwe siku mbili?"

"Tumevibeba vitabu vyako siku mbili," Verlin akasema. "Jiwe limesaidia."

Tilda aliandika maneno hayo ndani ya kofia yake kwa wino. Mimi niliyacheka, kisha nikajaribu kuyasema kama yangu baani Jumamosi, na hakuna aliyecheka. Hata maneno yake hayanikubali.

Mfano wa pili unanihusu mimi, na nausimulia kwa sababu Bi. Winifred ameapa atausimulia Ijumaa kwa kipaza sauti nisipowahi. Kila tunapofika kwenye maji ya kuvuka, Verlin hushuka, hukaa juu ya gogo, na kuyatazama maji. Robo saa. Wakati mwingine nusu. Mimi niliita uvivu. Tilda alipoanza kazi alikwenda akakaa gogoni pembeni yake bila kuambiwa, wakawa wanatazama wawili, kama wamelipia kiingilio. Nami huku nyuma napiga miluzi na kutazama jua.

Mwezi wa Juni, theluji inayeyuka, nikamwambia, "Mzee, maji ni maji. Yatakuwa maji hata ukiyatazama mpaka Krismasi."

"Kweli kabisa," akasema, asigeuke.

"Basi mimi natangulia."

"Haya."

Hakunizuia. Alimchukua tu Tilda kwa mkono akamsogeza juu kidogo ya gogo, ili aone vizuri. Nikaingia na baghala mmoja. Hatua nne zilikuwa nzuri sana, ningependa zikumbukwe. Ya tano haikuwa na chini. Baghala alitoka, maana baghala huogelea, nami nikatoka nimeshika mkia wake, lakini kahawa yote ya mnara wa moto ilikwenda na mto kuelekea Bahari ya Pasifiki. Verlin alipomaliza kutazama akavuka sehemu nyingine, hatua thelathini juu, na buti zake hazikulowa kifundo. Alichoniambia ni hiki tu: "Mlima haulijui jina lako, dogo. Kwa hiyo pumzika."

Bi. Winifred alikaa siku tisa bila kahawa. Kila jioni alikuwa akiita kwenye redio ya upepo, kituo kizima kinasikiliza: "Tamarack, Tamarack, hapa mnarani. Mwambieni huyo mvulana mwogeleaji, akileta pua yake hapa bila kahawa nitamtangaza kuwa moto."

Basi na sasa niingie kwenye hakelberi, maana hapo ndipo wivu wangu ulipoota mizizi.

Mtu wa huku atakuonyesha picha za harusi yake, kovu la upasuaji wake, hata barua ya benki. Hatakuonyesha pori lake la hakelberi. Tunda lenyewe dogo, la zambarau, halikubali kupandwa shambani. Humea linapotaka, na anayejua mahali hunyamaza mpaka kaburini. Pori la Verlin lilikuwa hadithi. Kila Agosti alirudi na ndoo mbili zimejaa, matunda makubwa kama jicho la mbuzi, na njia aliyotokea haikuwa ile aliyoingilia. Mimi nilimfuata mara tatu. Mara ya tatu alinizungusha saa tano, akanitoa nyuma ya choo cha kituo, akanigawia kikombe kimoja, akaniambia, "Malipo ya miguu yako."

Mwaka jana, mwezi wa tisa, tulipanda sote watatu kwenda kushusha vitu vya Bi. Winifred, safari ya mwisho ya msimu. Baghala watano. Siku moja kabla ya kushuka nilikwenda kuteka maji, nikawasikia nyuma ya mnara, Verlin na Tilda.

"Ukipita mti uliopigwa radi," Verlin alikuwa anasema, "usifuate njia. Shuka na sauti ya maji mpaka isisikike tena. Hapo."

"Mzee, kwa nini unaniambia mimi?"

"Lazima mtu awe anajua. Na baghala nitamwambia Gwenda akupe wewe, nikimaliza arobaini yangu."

"Dell je?"

"Dell ana mikono mizuri kuliko yangu," akasema. "Macho bado."

Nilisimama pale na ndoo mpaka vidole vikafa ganzi. Neno la mikono mizuri sikulisikia kabisa siku ile, nimelikumbuka baadaye. Nilichosikia ni kwamba pori amepewa, msafara amepewa, na mimi nimebakishiwa kikombe kimoja nyuma ya choo.

Asubuhi tukashuka. Verlin mbele juu ya farasi, baghala watano nyuma yake wamefungwa mmoja kwa mwenzake, Askofu wa nne, baghala jike tunayemwita Bibi Harusi wa mwisho, kisha Tilda, kisha mimi mkiani nikila vumbi. Hapa lazima nieleze jinsi tunavyowafunga, maana mambo yote yamo humo. Nyuma ya kila tandiko kuna kitanzi cha uzi wa katani, mwembamba, wa kukatika. Hatamu ya baghala anayefuata hufungwa kwenye kitanzi hicho. Mmoja akianguka, uzi unakatika, anaanguka peke yake. Baghala akianguka peke yake mara nyingi huteleza, hukasirika, husimama. Akianguka amefungwa na mwenzake wanakwenda wote. Hiyo ndiyo sababu Verlin kila mwaka theluji ikiisha alikuwa anakaa mlangoni mwa zizi na kusokota vitanzi hivyo mwenyewe, akivijaribu kwa kuvivuta mpaka vikatike. Mtu mwingine hujisifu kwa kamba isiyokatika. Yeye alijisifu kwa inayokatika.

Bibi Harusi alikuwa mvivu asubuhi ile, anavuta nyuma. Uzi kati yake na Askofu ukakatika. Nikashuka, nikafunga upya. Nusu saa, ukakatika tena.

"Weee, Dell!" Tilda akacheka. "Fundo lako limekata roho tena!"

"Ni uzi, si fundo."

"Kafume soksi, baba. Kamba zimekukataa."

Verlin mbele hakugeuka, ila mabega yake yalitikisika, nikajua anacheka. "Itie tena, dogo," akasema. "Taratibu." Nikashuka mara ya pili nikaifunga.

Adhuhuri tulifika Kona ya Mjane, mahali ambapo njia ina upana wa meza tu na upande wa kulia hakuna kitu. Ukingo ulimomonyoka chini ya miguu ya nyuma ya Bibi Harusi. Akaenda nao. Kamba haikukatika. Alining'inia anatupa miguu, na uzito wake ukamvuta Askofu kinyumenyume, makalio kwanza, kisha kwato za mbele zikichora njia, na macho yake hayakumtazama Bibi Harusi wala shimo, yalimtazama Verlin. Uzi wa mbele yake, ule uliosokotwa na Verlin, ukakatika kama ulivyopaswa, ukawaokoa watatu waliobaki. Askofu na Bibi Harusi wakashuka pamoja.

Bibi Harusi aliangukia juu ya mwenzake, kwa hiyo aliinuka. Yupo zizini mpaka leo, ana kovu na adabu. Askofu mguu ulivunjika mahali pawili. Verlin alishuka kwa mikono na magoti, akakaa naye, kichwa cha mnyama mapajani kwake, muda ambao sikuuhesabu. Kisha akampigia Tilda kelele amshushie bunduki. Ililia mara moja. Walikuwa pamoja miaka kumi na tisa.

Ripoti inasema: "Kamba haikukatika. Mpakizi mkuu hakukagua fundo. Kosa ni langu. V. Haugstad." Baada ya hapo alimwambia Bosi Gwenda kwamba mtu asiyekagua fundo ameshachoka, na kwamba arobaini haina haja, thelathini na minane inatosha. Watu wakasema uzee. Wakasema macho. Mimi pia nilisema macho, baani, kwa sauti kubwa.

Nina jambo moja tu la kuongeza kuhusu tabia yake. Gwenda alipotafuta mwandishi wa wasifu huu alimtaka Tilda, mwenye cheti, anayejua nukta inakaa wapi. Verlin akasema, "Mpeni Dell." Gwenda akamuuliza, kwa nini Dell, wa darasa la kumi, mwenye mdomo kama mlango wa zizi? Akajibu, "Dell ana la kusema." Gwenda alinisimulia akicheka. Sikucheka. Wiki tatu sasa karatasi imo mezani, na Verlin akipita dirishani hanitazami, anainua kofia kidogo tu na kuendelea.

Basi kwa niaba ya Kituo cha Tamarack, kwa niaba ya Bi. Winifred na kahawa zake zote zilizofika, ya watengeneza njia waliokula mkate mkavu kwa sababu mtu alijua kufunga turubai, na ya baghala waliobaki, tunakushukuru, Mzee Verlin. Maisha yaliyo mbele yako yawe mepesi pande zote mbili. Magoti yapone. Ndege wakufuate mpaka barazani, na ndoo zako zirudi zimejaa kila Agosti, kwa njia yoyote utakayotaka kuzipitisha.

Hapo ndipo wasifu unapaswa kuishia. Bosi Gwenda, ukisoma kabla ya kuchapa, mistari inayofuata usiifute. Msafara mpe Tilda. Tafuta nyundo, na msumari, kwa kiatu cha nne.

Kati ya Askofu na Bibi Harusi hapakuwa na uzi. Uzi ulipokatika mara ya pili, na wale wawili wanacheka, nilitoa kamba ya nailoni mfukoni mwa tandiko langu, unene wa kidole, nikaipitisha mara mbili, nikaifunga fundo zuri kuliko yote niliyowahi kufunga. Nilijua kitanzi kile kazi yake nini. Kila mtu hapa anajua. Nilitaka kitu kimoja tu siku ile kisichokatika, na kiwe changu. Verlin alipopanda kutoka bondeni alikuwa na hatamu ya Askofu begani, na mkononi kipande cha ile kamba. Alikitazama, akanitazama mimi, akakizungusha vidoleni, akakitia mfukoni. Tilda alikuwa anamshika Bibi Harusi, hakuona. Jioni yake zizini Verlin aliketi kuandika ripoti, nami nimesimama mlangoni, hatua tatu kutoka kwake. Alipofika mahali pa jina la mwenye kosa aliinua kalamu, akangoja. Alingoja sana. Mimi nikatazama buti zangu, nikamwacha aandike la kwake.